Hakuna Mtu Aitwaye Wote: Kumuaga Mzee Muharami Jaha

"Watu walioua kwa pamoja wahukumiwe kwa pamoja. Kumwuliza kila mmoja wao kama ana neno la mwisho ni kupoteza wakati wa korti, na sheria yenyewe inasema kwamba hata swali hilo likisahauliwa, hukumu haiharibiki."

Hayo aliyaandika ndugu yetu Fanueli, karani wa korti ya Mbeya, katika toleo lililopita la jarida hili. Akaongeza kwamba mkalimani ni bomba tu, na kwamba maji yakishapita hakuna anayeliita bomba barazani kulishukuru.

Ndugu Fanueli, juu ya sheria umesema kweli. Nimeisoma zaidi ya mara moja nikitafuta mahali pa kukukamatia, na sikupapata. Hukumu haiharibiki. Lakini mwisho wa mwezi huu bomba lako linastaafu, na watumishi wa korti za Iringa na Mbeya tunakusanyika kulishukuru. Nimesikia wewe pia umeshaomba ruhusa na kukata tiketi ya basi. Basi kabla hujapanda, nikueleze unakuja kumuaga nani.

Mzee Muharami Jaha anastaafu tarehe 30 Septemba 1957, baada ya kuitumikia korti kwa miaka thelathini. Alianza kama tarishi, akibeba mafaili ya wengine kutoka boma hadi kortini na kuyarudisha. Kisha bwana mmoja aliyekuwa akisikiliza kesi ya mipaka ya shamba akagundua kwamba yule tarishi aliyesimama mlangoni alikuwa akicheka kabla mkalimani hajamaliza kutafsiri. Akamwita mbele, akamjaribu, na tangu siku hiyo Mzee Muharami hakubeba faili tena. Alibeba maneno.

Alizaliwa hapa hapa Iringa mjini. Baba yake alipanda huku kutoka pwani na biashara ya nguo, akaionja baridi yetu, akaapa kwamba atarudi kwao mwaka unaofuata, na akazikwa hapa akiwa bado anaapa. Mama yake alikuwa Mbena. Kibena alikinyonya, Kihehe alikiokota mchezoni, Kisangu alikipata kwa wauza ng'ombe waliolala uani kwao. Kinyakyusa alijifunza alipohamishiwa Mbeya, na husema lugha hiyo ilimwingia kama mvua za huko, kidogo kidogo kila siku, mpaka akajikuta amelowa.

Wageni walimshangaa kwa jambo moja. Mzee Muharami hutafsiri akiwa amefumba macho. Husimama kando ya kizimba, mikono nyuma, kofia yake nyeupe imekaa sawasawa, macho yamefungwa, na maneno yanatoka taratibu kama ya mtu anayesimulia ndoto ambayo bado yumo ndani yake. Asubuhi za Juni, ukungu unapoingia hata madirishani na taa zinawashwa mchana, mtu angeweza kuapa kwamba korti nzima inaelea, na kamba pekee inayotushikilia ardhini ni sauti ile.

Siku moja jaji mgeni alipandwa na hasira. Akagonga meza, akasema kwa Kiingereza, "Mkalimani huyu amelala?" Mzee Muharami, bila kufumbua jicho, akalitafsiri swali lile kwa Kihehe, kwa maana ndiyo kazi yake. Mshtakiwa, mzee mmoja aliyeiba mbuzi, akamtazama, akafikiri, akajibu. Mzee Muharami akalitafsiri na jibu hilo: "Hapana, Bwana Mkubwa, halali. Anakuota wewe." Jaji alicheka mpaka akavua miwani, na yule mwizi wa mbuzi, nasikia, alipunguziwa adhabu.

Kuna na kisa cha Kihesa, kwa wakwe zake, ambacho Mzee mwenyewe hukisimulia kila anapopata msikilizaji mpya. Alipokwenda kuposa kwa Bi Zamda, mkewe wa leo, alifika akiwa kijana wa mjini mwenye viatu. Akasimama mlangoni, akatupa "Kamwene" moja, salamu ya huku, kwa watu wote waliokaa kuzunguka moto. Hakuna aliyeitika. Akadhani hawakusikia, akairudia kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Akabaki amesimama nje, baridi inampiga, mpaka mama mkwe akauliza akiutazama moto ule ule, kana kwamba anazungumza na kuni: "Huyo anayebweka mlangoni anamsalimu nani?"

Ndipo akaingia, akapiga magoti mbele ya kila mmoja, akamshika kila mmoja mkono, akamwita kila mmoja kwa jina lake au la baba yake. Alipofika kwa mtoto aliyefungwa mgongoni akamruka, na mama mkwe akamwambia, "Na huyu? Huyu ni mzigo?" Akarudi akamsalimu na mtoto. Tangu siku hiyo Mzee Muharami hasalimii chumba. Anasalimia watu. Nyote mliofanya kazi naye mnajua jinsi anavyotuchelewesha asubuhi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ndugu Fanueli, maana ulikuwepo. Wakati ule ulikuwa karani hapa Iringa, ukakaa meza moja na mimi. Pengine umesahau. Nitakukumbusha taratibu.

Ilikuwa kikao cha Juni 1954, kesi ya genge la barabara ya Idodi. Wanaume wanne walimvizia mnunuzi wa ng'ombe, marehemu Yotamu, aliyekuwa akiswaga wanyama wake kuja Iringa. Walimpiga marungu, wakamnyang'anya fedha, ng'ombe wakatawanyika porini. Mjane wake, Paskalina, alikaa benchi la mbele kila siku ya kesi, kitambaa cheusi kichwani, hasemi na mtu.

Mkubwa wa genge alikuwa Jailos, mtu wa makamo aliyetoka mbali kutafuta kazi, akaikosa, akajitafutia nyingine. Mmoja wa wenzake watatu, Lutengano, alikuwa mtoto wa dada yake. Usimfikirie kijana mdogo. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, mabega kama ya fahali, lakini mbele ya mjomba aliyemlea hakuinua macho.

Wakili waliyepewa alikuwa mmoja kwa wote wanne. Ulipofika wakati wa kujitetea, Jailos alisimama akasema, "Tulikuwa pamoja, na yaliyotokea yalitokea," akakaa. Wengine walipoulizwa, kila mmoja alijibu kwamba mkubwa ameshasema. Jaji akaandika kwamba hawana la kuongeza. Ni kosa ambalo mgeni yeyote angelifanya. Katika nyanda zetu hizi, mkubwa wako akishasema mbele za watu, wewe unafunga kinywa, hata kama kinywa hicho ndicho kitakachokuokoa shingo. Sisi tuliokaa pale, watu wa hapa hapa, tulilijua hilo na hatukulisema.

Palikuwa na kitu kimoja kilichobaki bila maelezo. Marehemu alikutwa amefunikwa blanketi la kijivu, ncha yake moja imekunjwa na kuwekwa chini ya kichwa. Mwendesha mashtaka alisema wauaji walitaka kuuficha mwili. Paskalina alipoonyeshwa lile blanketi alisema, "Hili si la mume wangu. Yeye alikuwa na koti tu." Kisha akauliza, "Nani alimfunika?" Akaambiwa kwamba shahidi hujibu maswali, haulizi.

Wazee wa baraza wakatoa maoni yao, jaji akasoma hukumu. Wote wanne wana hatia. Kwa kosa la kuua sheria ina adhabu moja, na genge zima huhesabiwa kwamba lilikuwa na nia moja, aliyeshika rungu na aliyeshika mfuko sawasawa. Lilibaki lile swali ambalo wewe, Fanueli, unaliita kupoteza wakati.

Jaji akasema, bila kuinua macho, "Waulize kama wana neno lolote kabla sijatoa adhabu."

Lakini Jailos hakungoja hata kuulizwa. Akasimama akasema, "Hatuna neno." Wengine wakainamisha vichwa. Jaji akachukua kalamu.

Wewe, Fanueli, uliniinamia ukaninong'oneza, "Afadhali. Tutawahi chakula."

Mzee Muharami alikuwa bado amefumba macho. Akasema, "Bwana Mkubwa, niliambiwa niulize. Sijauliza bado. Nimwulize nani?"

"Wote," jaji akajibu.

"Bwana Mkubwa, kizimbani hakuna mtu aitwaye Wote."

Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka miti ya miwati haionekani, na ndani tulisikia maji yakidondoka kutoka paani. Nimpe haki yake, jaji yule aliweka kalamu chini. "Basi uliza ujuavyo," akasema.

Mzee Muharami akaanza na mkubwa, akamwita kwa jina lake na la baba yake. "Una neno lako?"

"Nimeshasema."

"Umesema la wenzako. Nauliza lako."

Jailos alikishika kizimba kwa mikono miwili. Akageuka kidogo, akamtazama mpwa wake, kisha akatazama mlango. "Langu ni hili. Mtoto wa dada yangu hawezi kusema nikiwa hapa. Hata mkimwuliza mpaka jua lizame hatasema. Nitoeni nje kwanza, halafu mwulizeni kama mtu asiye na mjomba."

Nimesoma vitabu vingi maishani mwangu, ndugu zangu, na nimeandika maneno mengi makali juu ya wanyang'anyi wa barabarani. Siku ile mnyang'anyi mmoja aliyekwisha kuua aliomba atolewe kwenye kizimba ili mtu mwingine apate kinywa. Sijui niiweke wapi picha hiyo. Bado inaelea kichwani mwangu.

Askari wakamtoa. Mzee Muharami akawauliza wale wawili, wakasema hawana neno, na safari hii lilikuwa lao kweli. Kisha akamwita Lutengano kwa Kinyakyusa, taratibu, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Lutengano akasema, "Mimi nilirudi."

"Ulirudi wapi?"

"Kule barabarani. Wenzangu walikimbia. Mimi nilifika mbali kidogo nikarudi. Nilimkuta anapumua. Akaomba maji. Nikashuka mtoni nikateka kwa kofia, akanywa kidogo, mengine yakamwagika. Alikuwa anatetemeka, nikampa blanketi langu. Nikakaa naye. Basi."

Jaji akauliza kwa nini hakusema hayo siku zote zile. Lutengano akashangaa, kana kwamba ameulizwa kwa nini hatembei kwa mikono. "Mjomba alikuwa ameshasema," akajibu.

Hapo ndipo Paskalina aliposimama. Askari akamwambia, "Mama, kaa chini," akamjibu bila kumtazama, "Kaa wewe." Akamwelekea Lutengano moja kwa moja. "Alikuambia nini mume wangu?"

Jaji angeweza kumzuia. Hakumzuia.

"Hakusema mengi, mama," Lutengano akajibu. "Aliniuliza kama ng'ombe wamevuka mto."

"Nawe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia wamevuka wote. Hawakuwa wamevuka. Lakini nilimwambia wamevuka."

Paskalina akaweka mkono mdomoni. Ikatoka sauti ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kilio au kicheko. "Ndiye," akasema. "Ndiye yeye huyo. Hata harusini kwetu aliulizia ng'ombe." Akakaa.

Nilimtazama Mzee Muharami. Alikuwa amefumbua macho. Katika miaka yote niliyofanya kazi naye kortini, ndiyo mara moja tu niliyomwona akitafsiri akiwa ametazama.

Jaji hakuwa na hiari. Sheria haimpi. Jailos akarudishwa ndani, na wote wanne wakahukumiwa kunyongwa, kila mmoja kwa jina lake, na Mzee Muharami alilisema neno lile mara nne kwa sauti ile ile, bila kuharakisha hata mara moja. Lakini maneno ya Lutengano yalikuwa yameandikwa kwenye mwenendo wa kesi. Jaji akayapeleka kwa Gavana pamoja na maoni yake, na Paskalina akaweka dole gumba chini ya ombi lake mwenyewe la kumwombea huruma. Watatu walinyongwa. Lutengano alibadilishiwa adhabu kuwa kifungo. Yu hai, ndugu Fanueli. Anajifunza useremala gerezani, na mkewe humpelekea ugoro.

Najua utasema nini. Utasema nawaonea huruma wauaji. Sikuandika neno moja la kuwatetea wale watatu, na Lutengano naye alikwenda barabarani siku ile kwa miguu yake mwenyewe, akarudi kwa kuchelewa. Ninachosema ni kwamba tulikuwa karibu kumnyonga mtu bila kujua alifanya nini, na mjane alikuwa karibu kurudi kwao bila kujua nani alimfunika mumewe. Na hukumu isingeharibika! Kila kitu kingekuwa sawasawa katika sheria. Sisi tungewahi chakula.

Unakumbuka jioni ile, tulipokwenda kunywa chai dukani? Ulimtania. "Mzee, leo umemlaza jaji na njaa."

Akakuambia, "Fanueli mwanangu, mimi wakwe zangu walinikataza kuwasalimu watu wanne kwa kamwene moja. Nitawanyongaje kwa neno moja?"

Ukacheka, nami nikacheka. Ulidhani ni mzaha wa mzee. Nami nilidhani hivyo, mpaka niliporudi nyumbani.

Tangu hapo, kila kesi ya genge iliyokuja Iringa, Mzee Muharami aliuliza mmoja mmoja, na akiona mkubwa na mdogo wamo pamoja, aliomba mkubwa atolewe kwanza. Majaji wakazoea. Mara nyingi watu hawakuwa na neno, na dakika zile zilipita bure. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Aliwafundisha wakalimani wawili wapya wa hapa Iringa kufanya hivyo hivyo, kwa kuwapeleka Kihesa, nyumbani kwa wakwe zake, na kuwaacha wasimame mlangoni. Wote wawili walitupa salamu moja kwa wote. Wote wawili waliachwa kwenye baridi.

Anapostaafu anahamia huko huko Kihesa, kwenye shamba la mahindi na viazi ambalo Bi Zamda amelilima miaka hii yote huku mumewe akizungumza na wahalifu. Juzi nilimwuliza atafanya nini. Akaniambia kuna ndoto humjia. Anaiona barabara ya Idodi katika ukungu, na watu wote aliowahi kuwatafsiria wamesimama kandokando, walioshinda kesi na walioshindwa, walioachiwa na walionyongwa. Anapita akiwasalimu. Kila mmoja anaitika kwa lugha yake. Barabara haiishi, na yeye hachoki.

"Unaogopa?" nikamwuliza.

"Ningeogopa kama wasingeitika," akasema.

Mzee wetu Muharami, tunakushukuru kwa sauti yako, kwa subira yako, na kwa kutuchelewesha. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na kengele ya korti, viazi vinene, wajukuu wabishi, na majirani wa kuwasalimu mmoja mmoja mpaka jua liwe juu. Tunamshukuru Bi Zamda kwa kutuazima mumewe kwa miaka thelathini. Tunamrudisha akiwa mzima.

Na sasa ninyi. Nawe hasa, Fanueli, pamoja na wakalimani wa Mbeya watakaokaa meza moja nawe. Mwezi ujao jaji anakuja kwenu, na kesi ya kwanza ni ya watu saba wa machimbo ya dhahabu ya Lupa wanaodaiwa kumwua mwenzao. Sijui kama wana hatia. Hilo ni la jaji na wazee wake. Lakini nimeuliza, nikaambiwa kwamba kati ya saba hao wamo baba na wanawe wawili. Mzee Muharami hatakuwepo. Atakuwa Kihesa, anapalilia.

Ikifika saa ile, mtoeni baba kwanza. Kisha waiteni kwa majina, ulizeni mara saba, na chakula kingoje.